Babu hataki kufumba macho

Ukishuka kwenye kivuko upande wa Kigamboni, kelele za makondakta na bodaboda hukusindikiza hadi barabarani. Ukifika Nunge, kwenye makazi ya wazee ya Serikali, kelele zinakata. Wengi wetu wa mjini tungeulipia ukimya huo. Kwa mzee asiye na ndugu wa kumjulia hali, ukimya huohuo humkosesha usingizi.

Nilikwenda na zoezi moja kichwani. Limetokana na njia aliyoieleza Daktari Edmund Jacobson wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1929: unakaza msuli kwa sekunde chache, unauachia, kisha unahamia mwingine. Unaanza na ngumi, unakwenda mabegani, usoni, hadi vidole vya miguu. Msuli ukilegea, na mawazo nayo hupoa. Halihitaji mkeka wala kuinuka kitini, ndiyo maana linawafaa wazee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu ukae."

Tukakunja ngumi pamoja, tukaachia. Nilipomwomba afumbe macho akakataa. "Nikifumba ndiyo mawazo yanakuja."

Maelekezo mengi ya zoezi hili husema fumba macho, nami sioni kwa nini iwe sheria. Mtu aliyezika mke na watoto hapumziki gizani. Tuliendelea macho wazi, yeye akiutazama mwembe. Mara ya tatu mabega yakashuka, akaanza kunisimulia enzi zake za uvuvi, bei ya changu, nani alizama, nani alioa. Zoezi likaishia hapo, na sikuona hasara yoyote. Nadhani alichokikosa zaidi ni mtu wa kukaa naye.

Wewe unayeishi na baba au mama nyumbani unaweza kulijaribu jioni, dakika 10 tu. Asibane pumzi, hasa mwenye presha, na kiungo kinachouma mkiruke. Lakini mzee aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa, asiyekula, au anayesema amechoka kuishi, mpelekeni kituo cha afya mapema. Huenda ni sonona, na sonona hutibika hata kwa mwenye miaka 80. Tusiseme tu ni uzee.

Kazi ya kuhesabu sekunde mpe mjukuu wa darasa la kwanza. Akikosea hesabu, babu atamsahihisha.