Kabla Hujatuma Fedha ya Pampu

Ndugu msomaji, huenda nawe ni mmoja wa wafanyakazi wa mjini ambao kwao ni pwani au visiwani, na ambao wana fungu, liwe kubwa au dogo, katika chombo cha ukoo. Kama ndivyo, ujumbe huu si mgeni kwako: injini ya jahazi imekufa, fundi anasema ni pampu, tuma fedha. Mara nyingi fedha hiyo ni ada ya shule ya mtoto, au ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya bati za nyumba. Makala haya yanakuomba jambo moja tu. Kabla hujaitoa, uliza maswali, na uyaulize kwa utaratibu, ukianza na yale yasiyogharimu kitu. Katika miaka niliyoshika spana ndani ya vyombo vya tanga vyenye injini, nimeona kwamba injini inayogoma kuwaka, na inayotetemeka ikiisha kuwaka, kwa kawaida haijafa. Imenyimwa kitu kidogo.

Yafaa kwanza tujue inataka nini. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ilivyo ile ya petroli. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na ambaye injini yake ilifaulu majaribio huko Augsburg mwaka 1897, aliitumia kanuni ambayo kila aliyejaza upepo tairi la baiskeli ameihisi mkononi: hewa ikigandamizwa hupata joto. Ndani ya silinda, pistoni huigandamiza hewa mpaka ikabaki karibu sehemu moja kwa ishirini ya nafasi yake ya awali, na joto lake likapita nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo nozeli hupuliza mafuta mithili ya ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii hudai mambo matatu: hewa ya kutosha, mafuta safi, na mgandamizo wenye nguvu. Karibu kila ugonjwa wake wa kutowaka una asili yake katika mojawapo ya hayo.

Swali la kwanza ni hili: Je, stata inaizungusha injini kwa kasi, au kwa kujikokota? Ikizunguka polepole, joto la hewa hunyonywa na chuma baridi kabla mafuta hayajawaka. Basi mwambie nahodha atazame betri na vichwa vyake. Chumvi ya bahari huviotesha ukungu wa kijani na mweupe unaozuia umeme. Brashi ya waya na dakika kumi za kazi zimewahi kuponya injini nyingi.

Swali la pili: Bomba linatoa moshi gani? Stata ikipigwa na moshi usionekane kabisa, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ukiwa mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanafika lakini hayaungui, ama kwa uchache wa joto, ama kwa nozeli inayodondosha badala ya kupuliza. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa: chujio la hewa limeziba, au injini imelemewa, pengine kwa kamba iliyojisokota kwenye rafadha. Ukiwa wa buluu, injini inaunguza oili yake yenyewe, na ringi za pistoni zimechakaa.

Swali la tatu: Tangi lilifunguliwa lini likatazamwa chini? Tangi lililoachwa nusu huingiwa na unyevu wa hewa, ambao usiku hugeuka matone na kushuka chini ya mafuta, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na mafuta yanapokutana huota vijidudu, na vijidudu huacha tope jeusi. Bandarini tope hilo hulala. Chombo kikitoka na kuanza kuyumba, huamka na kuziba chujio. Ndiyo sababu injini iliyonguruma vizuri gatini huzimika penye mlango wa miamba, wakati pepo za kusi zinavuma na mkondo unavuta. Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi uchafu unaoweza kukingwa katika kikombe unavyoweza kuamua kama baba wa watu atarudi nyumbani.

Swali la nne: Je, kuna hewa ndani ya njia ya mafuta? Mafuta hayakubali kugandamizwa, lakini hewa hukubali. Povu likiingia, pampu husukuma, povu hujikunja, na nozeli haifunguki. Nakumbuka jahazi moja la mizigo ambalo injini yake iliwaka baada ya kuhangaishwa sana, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha ikazimika. Ukoo ulikuwa umekwisha changa fedha ya pampu mpya. Tulifunga kipande cha mpira mweupe unaopenyeza nuru kati ya tangi na chujio, tukaona mapovu yakipita kwa mfululizo. Kibanio cha mpira wa zamani kilikuwa kimelegea. Hakuna tone la mafuta lililovuja nje, maana upande ule pampu ndogo huvuta. Huingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Kibanio kipya hakikufikia bei ya chai na maandazi ya mabaharia siku hiyo.

Baada ya kuziba panapoingiza hewa, iliyomo hutolewa hivi. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio, sukuma pampu ndogo kwa mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kaza. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Ikiwaka na bado inatetemeka, fundi hulegeza kidogo nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya moja. Mlio ukibadilika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa amepatikana. Lakini mkono uwe mbali na mafuta yanayoruka, kwani nguvu yake hutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali siku ile ile, hata likionekana dogo.

Yapo pia ya kukataza. Mtu asiwashe kitambaa chenye petroli mbele ya mdomo wa hewa, kwani moto huo umo ndani ya chombo cha mbao. Na katika vyombo ambavyo moshi hupozwa kwa maji ya bahari, stata isipigwe mfululizo bila kufunga bilula ya maji hayo, maana injini isipowaka haina nguvu ya kuyatoa. Yatarudi mpaka ndani ya silinda, na hapo kweli injini itakufa.

Sisemi kwamba pampu haiharibiki. Huharibika, na mgandamizo nao huisha kwa uzee. Ila hilo liwe jibu la mwisho baada ya majibu mengine kukosekana, na nozeli zipimwe kabla ya kutupwa. Fundi aliyekwenda kwa utaratibu huo anastahili ujira wake kamili bila manung'uniko. Yule anayebadilisha vitu vitatu kwa mara moja hatajua ni kipi kilichoponya, na safari ijayo atavibadilisha vyote tena kwa fedha yako.

Nakuachia neno moja la mwisho. Ukiwa unatuma fedha nyumbani, uliza pia habari za tanga. Vyombo vingi siku hizi hulitegemea tanga kwa jina tu, huku limekunjwa pembeni likiliwa na panya. Injini, hata ikitunzwa vipi, itachagua siku yake ya kugoma. Siku hiyo mabaharia wasio na tanga zima hawana la kufanya ila kutazama miamba ikisogea. Shuka chache za kitambaa kizuri na kamba imara huenda zikawa ndiyo fedha yenye baraka kuliko zote ulizopata kutuma.