Usiku wa Taarabu Likoni

Msomaji mpenzi, nitakueleza habari ya usiku mmoja ulionivua majivuno yangu.

Tulikuwa watu saba, wapenzi wa nyimbo za Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 akafariki mwaka 2014. Tulijuana kwa maandishi ya simu tu, sura hatukuonana. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilijifanya kadhi wa wote. Mmoja wetu alipoandika kwamba katika wimbo fulani tashkota ilitangulia tabla, nilimkemea, nikamsahihisha na tahajia yake mbele ya wenzake. Hakujibu neno.

Siku ya arusi tuliyoalikwa nilitoka Changamwe, nikavuka kwa feri pamoja na umati wa waendao kwa miguu, ambao hawatozwi nauli. Ng'ambo nilipokewa na mzee mwenye kanzu iliyochakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ndiye niliyekosea."

Uso uliniwaka kwa haya.

Vijana walipoanza kuzipiga nyimbo zile za zamani, mzee alifumba macho, vidole vyake vikafuata gotini kila pigo la tabla, wala havikukosa hata moja. Ujanani alikuwa mchukuzi wa vyombo vya wapigaji. Tashkota hiyo aliisikia kwa masikio yake. Nilimwomba radhi. Alicheka, akanisogezea kikombe cha kahawa chungu, akaniuliza kama ningeweza kumfundisha tahajia, kwa sababu mjukuu wake naye humcheka.