Shingo Baada ya Mavuno

Madibira ya utoto wangu ilibebwa kichwani. Maji, kuni, mpunga wa kutoa jarubani hadi barabarani: unakunja ngata ya kanga, unajitwika. Skimu ya umwagiliaji ilipokamilika na maji ya mto Ndembera yakalisha hekta 3,000 hivi, mpunga uliongezeka, na shingo zikaongezewa kazi. Kupandikiza kulimtaka mtu ainame kutwa, kichwa amekiinua kutazama mstari. Vijana wa kupakia malori ya Fuso nao walibeba lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, lile linalopigwa marufuku kila mwaka na kila mwaka lipo. Mavuno yakiisha utasikia: shingo imekaza, haigeuki.

Dawa ilikuwa kwa bibi jirani. Alipasha mafuta ya nyonyo kwenye kifuniko cha sufuria, akaanzia mabegani, si shingoni. Vidole gumba vilitafuta fundo kando ya uti. Vikilipata, vinatulia hapo hapo hadi mgonjwa ashushe pumzi. "Legeza, mwanangu, unashindana na nani?" Mama naye alikuwa mgonjwa wake: akikandwa, alilala vizuri usiku ule na uliofuata. Baada ya wiki, yuko kwa bibi tena. Walikuwepo pia waliomshika mtu kidevu na kisogo, wakamzungusha ghafla mpaka shingo ilie ko! Watu walilipenda lile ko. Mimi silipendi: ni nadra, lakini mzunguko wa namna hiyo unaweza kuchana mshipa wa damu uendao ubongoni na kuleta kiharusi.

Maumivu ya mama yalipopita miezi mitatu, yakawa sugu kwa hesabu ya hospitali, tulimpeleka Mbeya mjini kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kabla ya kumgusa alimwuliza maswali. Vidole vina ganzi? Vyombo vinakuponyoka? Miguu inayumba? Kuna homa? Jibu moja la ndiyo lingetosha kumpeleka kwa daktari kwanza. Kisha akaanza kukanda, na mama akacheka: naye alianzia mabegani! Lakini alikanda kidogo tu, akasukuma pingili polepole, akamsimamisha. Rudisha kidevu nyuma. Bana mabega. Sukuma kiganja kwa paji la uso, kichwa kisisogee. Na nyumbani kila siku. Mama alilalamika njia nzima kwamba amelipa nauli kwenda kukimbizwa mchakamchaka, ila alifanya. Tafiti zinaelekea huko huko: kukanda pamoja na mazoezi kunafaa kuliko kukanda peke yake.

Bibi alipozisikia habari hizo alitaka aonyeshwe. Zoezi la kiganja alilikubali palepale. La kidevu alisema ni la wenye nafasi.

Leo mpunga unavunwa kwa mashine na magunia yanapanda bodaboda. Bibi hayupo, anayekanda ni binti yake, na wateja wake wengi ni madereva wa hizo bodaboda na vijana wanaoinamia simu. Akimaliza, anakusimamisha ukutani ufanye zoezi mbele yake. Mwenye ganzi mikononi hamwekei hata mafuta motoni. Anamwambia aanzie hospitali.