Kwa Mwanangu Uliyeacha Nyama

Mwanangu,

Mama yako amenipigia simu. Anasema tangu ulipotoka mnadani Pugu hugusi nyama, na anahofia unaumwa na hutaki kusema. Nimemwambia nitakuandikia mwenyewe.

Uliyoyaona Pugu ni ya kweli. Ng'ombe wanasafirishwa kwa malori kutoka kanda ya ziwa, wamebanana, na wengine wanashushwa hata kusimama hawawezi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Nasi Waislamu tumefundishwa kisu kiwe kikali na mnyama asichinjwe mbele ya mwenzake. Roho yako imeumia panapostahili. Sitakushawishi uirudie nyama.

Ila nataka ukifuatilie chakula chako mpaka kinakotoka. Nasikia siku hizi asubuhi ni mayai, na mayai hayo yanatoka kwenye banda langu hapa Kibaha. Kuku wa mayai anataga vizuri mwaka mmoja na kitu. Akipungua namuuza, na anayemnunua anakwenda kumchinja. Nisipomuuza, sina hela ya kuwalisha wanaobaki. Chakula chao ni pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga. Vifaranga vya kiume vya mbegu hii havitagi wala havinenepi upesi, na sehemu nyingi duniani vinauawa siku ileile vinapoanguliwa. Yai limepita kwenye kisu pia, mwanangu, hata kama hukukiona.

Sikukatazi mayai. Nakuomba usimtazame baba yako kwa jicho kali anapomega ugali kwa mchuzi wa nyama, maana nyinyi wawili mnatofautiana kwa kiasi tu. Hasira uliyonayo ipeleke inakohitajika: kwa maafisa mifugo, kwa wenye malori, na kwetu sisi wafugaji. Njoo uniulize kuku wangu wana nafasi kiasi gani. Nitakujibu.

Sasa mwili wako. Kunde, mbaazi, choroko na maharage vitakujenga, lakini madini ya chuma yaliyomo humo hayaingii mwilini kwa urahisi kama ya nyama, nawe ni msichana, kila mwezi unapoteza damu. Kamulia ndimu, au kula chungwa au embe papo hapo. Chai isubiri kama saa moja baada ya mlo, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Na siku ukiyaacha mayai na maziwa pia, usikae bila vidonge vya vitamini B12. Mboga zetu hazina, hata kisamvu. Upungufu wake huchelewa kuonekana, wakati mwingine miaka, kisha unadhuru damu na mishipa ya fahamu.

La mwisho ni ugenini. Ukienda kwa ndugu zetu Kisarawe, piga simu siku moja kabla, useme wazi kwamba huli nyama na kwamba kisamvu cha nazi kitakutosha sana. Watu wale wana majogoo wawili watatu, na akija mgeni, jogoo mmoja anachinjwa. Ukinyamaza mpaka sahani ifike mbele yako, jogoo ameshakufa kwa ajili yako na mwenyeji ameaibika mbele ya watoto wake. Simu hiyo usiiache.

Shangazi yako,
Kibaha