Utoto Kando ya Maji Yasiyopwa

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wazaliwa wa pwani, na mtoto wa pwani hujifunza saa kwa bahari kabla hajaijua saa ya ukutani. Maji yakipwa, uwanja wa kuchezea hufunguka wenyewe: mchanga, miamba, vidimbwi vya kaa. Yakijaa, uwanja hufungwa na watoto hurudi majumbani. Mimi nilikulia Kisumu, kando ya maji yasiyopwa wala kujaa. Ziwa lilikuwa pale pale asubuhi na jioni, limetulia kama mgeni asiyetaka kuaga. Jua nalo lilikuwa kinyume na la kwenu. Mombasa na Lamu huchomoza baharini na kutua nyuma ya minazi; kwetu lilichomoza upande wa mashamba ya miwa, likaenda kuzama ziwani, na Maghribi ya Kisumu siku ya mawingu mepesi ni jambo ambalo sijaliona kwingine hadi leo.

Baba yangu alikuwa mtu wa Mombasa, mfanyakazi wa reli. Reli ndiyo iliyouzaa mji ule. Ilifika ufuoni Desemba 1901, wakati mahali hapo pakiitwa Port Florence, na nyuma yake wakafuata mafundi, makarani, wafanyabiashara wa Kihindi, familia za Kinubi na Waswahili waliokwenda kutafuta riziki bara. Nasi tulikuwa katika mkia wa safari hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 70 Baba alihamishiwa huko na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nami nikiwa na umri wa miaka sita. Tukapanga nyumba Kaloleni, mtaa wenye Waislamu wengi, ambamo Kiswahili, Kijaluo na Kinubi vilichanganyika barabarani hata mtoto asijue neno alilolisema limetoka kwa mama wa nani.

Asubuhi ilikuwa ya shule, mchana wa madrasa. Wakati wetu wenyewe ulikuwa kati ya Alasiri na Maghribi, na nadhani hakuna saa mbili nilizozitumia vizuri zaidi maishani. Ardhi ya huko ni udongo mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto. Mvua ikinyesha, hunata kwenye viatu hadi ukawa mrefu kwa kimo usichokuwa nacho. Kwa udongo ule tulifinyanga ng'ombe, vyungu, vijiko na akina mama waliojitwisha ndoo, tukavianika juu ya mabati. Wasichana tulikuwa na kati, mchezo wa wawili kurusha mpira wa matambara na wa katikati kuukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Tulikuwa na blada, tulizoziruka kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu vilivyofungwa pamoja. Tulikuwa na mdako wa vijiwe, na hapo sisi watoto wa pwani tuliwashinda wenyeji kwa muda tu, kwa kuwa kufikia mwaka wa pili walikuwa wametuzidi.

Wavulana walishuka ziwani. Sisi wasichana tuliwafuata hadi mahali paliporuhusiwa, tukakaa kwenye majani kutazama. Walivua kwa pini zilizokunjwa na nyungunyungu, na samaki wao alikuwa fulu, kijisamaki ambacho wenzetu wa Mwanza hukiita furu. Alikuwa mdogo, mwenye rangi za kila namna, na wingi wake haukuwa na hesabu. Watu wazima walimdharau, wakitaka ngege, basi akawa samaki wa watoto. Siku nyingine wingu jeusi liliinuka juu ya maji kama moshi wa meli inayoungua. Hawakuwa moshi bali sami, wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, na upepo ukiwaleta mjini tulifunga midomo tukakimbia.

Na meli! Tulizitambua kwa honi. Victoria, iliyozinduliwa mwaka 1961, ndiyo iliyokuwa bibi harusi wa gati, ikibeba abiria hadi Musoma, Mwanza, Bukoba na Uganda. Lakini iliyotushangaza watoto ni Uhuru, ambayo mabehewa ya treni yaliingia tumboni mwake yakiwa juu ya reli zake, yakavuka ziwa bila kushushwa mzigo. Baba alitupeleka kuona mara moja. Kaka yangu aliuliza kwa nini isizame. Baba alimjibu kwamba waliosoma hesabu ndio wanaojua, na kaka yangu akaenda kuisoma hesabu mpaka leo hajaimaliza.

Jua likigusa maji, milango ilifunguka mtaa mzima na akina mama wakaanza kuita. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, ametuusia tuwazuie watoto wetu usiku unapoingia, na Kaloleni agizo hilo halikuwa na mjadala. Mama asiyemwona mwanawe alimwita wa mwenzake, na yeyote aliyekutwa nje adhana ikisomwa aliweza kushikwa sikio na mama yeyote. Husikia wazee wenzangu wakisema kwamba zamani watoto walicheza salama. Sikubaliani nao sana. Hatari zilikuwepo, tena nyingi: viboko, mamba, kichocho, mawimbi ya upepo wa jioni. Tofauti ni kwamba macho yaliyotutazama yalikuwa mengi.

Lakini hata macho mengi hupepesa. Nilikuwa na miaka tisa. Wasichana watano tulikuwa ufuoni tukichuma mafunjo ya kutengenezea vikapu vya kuchezea. Mwenzetu mmoja akakanyaga mahali palipoonekana kuwa nchi kavu, kumbe ni mizizi iliyofumana ikaelea juu ya maji. Alitumbukia bila kelele. Jambo hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, ule ukimya. Siku zote nilidhani mtu anayezama hupiga mayowe. Aliinuka mara moja, mdomo wazi, akazama tena. Wavulana walikuwa mbali, na sisi wanne hatukuwa na hata mmoja aliyejua kuogelea, kwa sababu hatukupata kufundishwa. Kuogelea kulikuwa kwa wavulana, kama tohara.

Aliyemtoa ni mchuuzi wa samaki, mama wa Kijaluo wa makamo aliyekuwa akiwaosha ngege wake karibu. Aliacha karai, akaingia na nguo zake zote, akapiga mikono mitatu minne, akamshika mtoto kwa nywele. Kisha akamlaza kifudifudi akamtapisha. Sisi tulikuwa tunalia. Yeye alikuwa anatutukana kwa Kijaluo, na naamini tulistahili.

Jioni ile mtaa ulikaa baraza, na uamuzi ukapatikana kabla ya Isha: kuanzia kesho msichana asionekane ziwani. Wazazi walikuwa wameogopa, nami siwalaumu. Nyumbani kwetu hata hivyo mambo yalikwenda njia nyingine. Nilikuwa nimelala, au nimedhaniwa kulala, nikamsikia Mama akisema, "Baba watoto, huyu mwana amenusurika kwa mwanamke anayejua kuogelea. Wetu tukiwafungia ndani, ziwa litakuwa limekwenda wapi?"

Baba alinyamaza kitambo. Akauliza habari za stara, za macho ya watu, za maneno ya majirani. Mama akajibu kwamba hayo yote yana saa yake na mahali pake. Kesho yake Baba alimwendea maalim wetu wa madrasa, mzee mkali ambaye sisi tulidhani atakataza hata kabla ya kuulizwa. Maalim alimkumbusha kwamba Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume, akamshinda, na baadaye akashindwa. Akamkumbusha pia usia unaonasibishwa kwa Sayyidna Umar wa kuwafundisha watoto kuogelea. Kisha akaweka masharti yake: wanawake peke yao, nguo za stara, na mama mtu awepo.

Mama akamfuata yule mchuuzi sokoni Kibuye, akampelekea leso mbili mpya na sukari kwa shukrani, akamwambia, "Dada yangu, umemtoa mmoja. Nifundishie na hawa wengine." Mama yule alicheka hadi akashika kiuno. Alikubali, ila alikataa kulipwa. Alitaka tu watu wa Kaloleni wanunue samaki kwake, na Mama akahakikisha wamenunua.

Tulikwenda Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri, mimi, dada yangu na wasichana wawili ambao mama zao walithubutu. Yule aliyezama hakuja. Kwao walikataa, na hatukuwa na la kusema. Tulivaa suruali na magauni marefu yaliyofungwa leso kiunoni. Mama alikaa ufuoni na tasbihi yake, mgongo kwa ziwa na uso kwa njia, akiangalia nani anakuja. Mwalimu wetu kwanza alikagua matope kutafuta nyayo za kiboko, kwa kuwa mnyama huyo hula majani usiku na hurudi majini kunapopambazuka. Siku alipoziona mbichi, tulirudi nyumbani. Mama alikuwa ameichagua alfajiri kwa ajili ya stara tu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono wa majini wakati jua ni kali, kuelekea adhuhuri.

Somo la kwanza halikuwa kuogelea. Alitulaza chali juu ya maji, kiganja chake chini ya visogo vyetu, akatuamuru tutazame mbingu. "Usipigane nayo," alikuwa akisema, "mpe uzito wako, atakubeba." Kwake ziwa lilikuwa mtu. Siku kiganja kile kilipoondoka bila mimi kujua, masikio yangu yakiwa majini, dunia nzima ikiwa kimya na anga la waridi juu yangu, nilihisi furaha ambayo sina jina lake. Kufikia miezi minne niliweza kwenda na kurudi urefu wa mtumbwi mara kumi.

Majirani walisema, kama ilivyotarajiwa. Wengine walisema kwa Mama, wengine walisema juu ya Mama, na kuna nyumba moja iliyoacha kutualika. Yeye aliendelea kupeleka sahani za mandazi pale pale.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la Baba likavunjika nayo. Meli ziligawanywa, Victoria ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki kwetu. Gati lililokuwa na kelele likawa na vyura. Mwaka uliofuata tulirudi Mombasa. Mimi nilikuwa nimevunja ungo, nikavishwa buibui, na michezo ya nje ikaisha siku moja kama taa inayozimwa. Hakuna aliyenieleza kwamba ndiyo mara ya mwisho kucheza kati; mtu haelezwi mambo kama hayo.

Wa pwani hatuhitaji kusimuliwa mauti ya majini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Miaka miwili baadaye, Mei 1996, MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza na mamia ya roho. Kuogelea hakungewaokoa wote, maana watu wakirundikana hata mwogeleaji hodari huvutwa chini. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 pekee watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao hawakuwa ndani ya meli; walikuwa mitoni, visimani, ufukweni, umbali wa mikono mitatu minne.

Nilirudi Kisumu kwa mazishi, mwaka mmoja baada ya ziwa kufurika mwaka 2020, lilipopanda kwa kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 60. Ufuo wetu wa Jumamosi ulikuwa chini ya maji. Mbele yake gugu maji lilikuwa limetanda kijani kibichi, zuri kwa macho, na mvuvi mmoja akasukuma mtumbwi wake kwa jasho kulipenya. Nilimwuliza kijana mmoja kama bado wanavua fulu kwa pini. Alifikiri kwanza. Mbuta walioletwa ziwani wamewala, na aina nyingi za wale fulu wa rangi zimetoweka. Yeye aliwajua kwa jina tu. Yule mama alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake aliniambia kwamba hadi uzeeni alikuwa akijisifu kuwa aliwahi kuwafundisha Waswahili wa Kaloleni kuelea.

Sasa nina mjukuu wa kike wa miaka tisa. Anaishi gorofani, ana simu ya mama yake na rafiki wengi ambao hajawahi kuwagusa. Bahari anaiona kutoka dirishani. Nilipomweleza mama yake ninalotaka, aliniuliza maswali yale yale ya babu yake, neno kwa neno, na yeye hakuwahi kuyasikia. Nikamwonyesha picha za wasichana wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, waliofundishwa kuogelea na Mradi wa Panje wakiwa wamejisitiri mwili mzima, wakielea chali kama tulivyoelea sisi. Alizitazama kwa muda. Akasema, "Ma, na wewe utakuwepo?"

Nimekwisha kushona gauni na suruali yake, na tasbihi yangu iko mkobani. Jumamosi maji yatajaa asubuhi mapema. Nimeangalia.