Sahani 300 za Kitwe: albamu ya kwanza ya WITCH na kumbukumbu ya inchi ya shaba

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni barabara ya kilomita karibu 90. Lori zenye shaba zinaelekea kusini, na lori zenye unga wa mahindi na sukari zinaingia kaskazini. Kila mutu wa Lubumbashi anajua habari hiyo, maana lori zikizuiliwa mupakani, bei ya mufuko wa unga inapanda sokoni. Ukivuka mupaka na kupita Chililabombwe na Chingola, unafika Kitwe, muji wa mugodi kama Likasi au Kolwezi.

Watu wengi wa huku wanajua Kitwe kwa biashara tu. Wachache wanajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana watano wa muji huo walitoa albamu ya roki nzito inayohesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya wanamuziki wa Zambia kuuzwa kwa watu. Jina lake ni Introduction, maana yake Utambulisho. Orkestra yao iliitwa WITCH.

Jina hilo peke yake lilitosha kuwashitua wazazi. Kwa Kiingereza, neno hilo linamaanisha mulozi. Lakini vijana walikuwa na maelezo yao: zilikuwa herufi za kwanza za maneno matano, We Intend To Cause Havoc, ni kusema, Tunakusudia Kuleta Vurugu. Haikuwa vurugu ya kuvunja maduka. Ilikuwa ya gitare za umeme, bafle zilizofunguliwa mpaka mwisho, na vijana wanaocheza tangu saa moja ya jioni mpaka saa nane ya usiku.

Vijana watano

Mwimbaji alikuwa Emmanuel Chanda. Alitoka upande wa kaskazini mwa Zambia, akakulia Kitwe kwa kaka yake mukubwa. Watu walimufananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones kwa sababu ya namna alivyorukaruka jukwaani. Yeye akalichukua jina hilo na kulipa sura ya Kiafrika: Jagari. Mpaka leo hilo ndilo jina wanalomuita.

Chris Mbewe, aliyeitwa Kims, alipiga gitare ya solo. John Muma, ambaye jina lake la utani lilikuwa Music, alipiga ile gitare ya pili ambayo huku tunaita akompa. Gedeon Mwamulenga, waliyemuita Giddy King, alishika bas. Boidi Sinkala alikuwa kwenye batri. Majina haya yanafaa kuandikwa moja moja, na sababu yake itaonekana mbele.

Roki ilifikaje Kitwe? Ilipita njia ileile ya shaba. Miji ya migodi ilikuwa na Wazungu wengi, wahandisi na familia zao, na sahani za muziki zilifika pamoja nao. Redio pia ilipiga nyimbo za Uingereza na Marekani. Vijana wa Kitwe, Ndola na Chingola walisikiliza Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple, Black Sabbath, na James Brown pia. Walianza kwa kuiga nyimbo hizo kwenye baa na kwenye majumba ya sherehe. Upande mwingine wa masikio yao ulikuwa unasikia rumba ya Kongo, maana muziki wa Franco na wenzake haukuwa na haja ya pasipoti ili kuvuka Kasumbalesa.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Shaba ilikuwa na bei nzuri, na mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Kenneth Kaunda iliamua kuchukua asilimia 51 ya migodi. Upande wa Kongo, Union Minière ilikuwa imetaifishwa mwaka 1967 na kuwa kampuni ya serikali, ile tunayoijua leo kwa jina la Gécamines. Kuvuka mupaka huu au ule, kijana wa muji wa shaba alikuwa anaambiwa jambo lilelile: inchi ni yako sasa. Vijana wa WITCH walilichukua neno hilo na kulipeleka mahali ambapo wakubwa hawakulitazamia.

Feza yao wenyewe

Wakati huo hakukuwa na kampuni ya Zambia iliyongojea kuwalipia. Zambia haikuwa hata na kiwanda cha kutengeneza sahani za muziki. Vijana walitoa feza yao wenyewe, ile waliyopata kwa kupiga muziki usiku, wakarekodi nyimbo zao, na sahani zikatengenezwa Nairobi, Kenya. Za kwanza zilikuwa kama 300 tu. Hawakuzipeleka kwenye maduka makubwa. Waliziuza wao wenyewe pale walipopiga muziki, mukono kwa mukono, kwa watu waliokuwa wametoka kucheza nyimbo hizohizo.

Mutu akisikiliza albamu hiyo leo, jambo la kwanza linalomugusa ni kwamba haikusafishwa. Gitare ya Mbewe inakwaruza, sauti ya batri iko karibu kama mutu anayegonga mulango, na Jagari anaimba kama mutu anayejua kwamba umeme unaweza kukatika wakati wowote. Nyimbo ni za Kiingereza. Mumoja una jina la Home Town, maana yake muji wa nyumbani. Mwingine unaitwa Like a Chicken, kama kuku. Hawakujipa hekima ya wazee. Walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu, na albamu inasikika hivyo.

Ule wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, ndio unaobeba kazi yote. Ndani yake orkestra inajitambulisha kwa wasikilizaji. Jambo hilo linaonekana dogo. Lakini katika miji ya migodi, mutu mweusi alikuwa amezoea kutambulishwa na wengine: namba ya kazi, kadi ya mugodi, kambi anayoishi. Hapa vijana watano wanasimama na kusema wenyewe wao ni nani, kwa jina walilojichagulia, kwenye sahani waliyoilipia.

Miaka hiyohiyo, upande wa huku, Mobutu alikuwa amebadilisha jina la inchi kuwa Zaïre mwaka 1971, jimbo la Katanga likaitwa Shaba, na wananchi wakaambiwa waache majina ya Kizungu na kurudia ya mababu. Kaunda naye, ambaye alipenda gitare na kuimba mwenyewe, aliagiza redio ya taifa ipige muziki wa Zambia asilimia 95. Agizo hilo liliwafungulia mulango vijana wa roki, maana hata kama gitare zilikuwa za Kizungu, wao walikuwa Wazambia. Muziki wao ulikuja kuitwa Zamrock. Baadaye orkestra zingine zikafuata: Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi, na Musi-O-Tunya, ambayo ilifanya kazi yake sana Kenya.

Je, roki ilikuwa muziki wa kuiga? Wazee wengi waliuliza hivyo, na swali hilo lina haki yake. Jibu liko katika albamu zilizofuata. In the Past ilitoka mwaka 1974, Lazy Bones!! mwaka 1975, na mwaka 1976 ilitoka Lukombo Vibes, ambamo midundo ya nyumbani ilianza kuchukua nafasi kubwa zaidi. Hakuna aliyewalazimisha. Walianza na kile walichosikia, wakaendelea mpaka wakafika kwao. Kama wangengojea kwanza kuwa na mutindo safi wa Kizambia ndipo warekodi, wasingerekodi kitu.

Shaba ikaanguka

Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka kwenye soko la dunia. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa maana yake. Mushahara ulikuwa mudogo, vitu vikapotea madukani, na mutu ambaye hana feza ya unga hanunui sahani. Tena vita vya ukombozi katika inchi jirani, hasa Rhodesia, vilileta amri za kutotembea usiku. Orkestra zilizokuwa zinapiga mpaka saa nane ya usiku zikalazimika kupiga muchana.

Karibu mwaka 1977, Jagari aliacha orkestra na kwenda kusomea ualimu. Wenzake waliendelea na kugeukia disko. Rumba ya Kongo nayo ilizidi kujaa kwenye baa za Zambia. Roki ya Kitwe ikanyamaza.

Kisha likaja jambo baya kuliko bei ya shaba. Katika miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipita katika miji ya migodi na kuchukua kizazi kizima. Wanamuziki wengi wa Zamrock walikufa wangali vijana. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 2000, kati ya wale watano waliotengeneza Introduction, aliyebaki alikuwa Jagari peke yake. Alikuwa anachimba mawe ya thamani ili kulisha familia yake. Mutu aliyekuwa anaruka jukwaani mbele ya umati, sasa alikuwa na sururu mukononi, kama wachimbaji wa hapa Kolwezi na Kambove.

Kilichorudi, na kilichobaki nje

Waliorudisha sauti ya WITCH walikuwa watu wa mbali. Wakusanyaji wa sahani huko Ulaya na Marekani walianza kuzitafuta zile nakala chache zilizobaki, na bei ikapanda mpaka mamia ya dola, na zaidi, kwa sahani moja. Karibu mwaka 2010 albamu zilianza kutolewa upya inje, na kampuni ya Now-Again ya California ilikusanya kazi za orkestra hiyo pamoja. Jagari akaitwa kuimba Ulaya na Marekani, kwenye miji ambayo WITCH ya zamani haikufika hata siku moja. Mwaka 2019 ilitoka filamu juu ya maisha yake. Mwaka 2023, akiwa amepita miaka 70, alitoa albamu mupya iitwayo Zango, iliyorekodiwa Lusaka pamoja na wanamuziki vijana wa Ulaya na wa Zambia.

Ni habari ya furaha, na hakuna sababu ya kuiharibu. Lakini mutu wa inchi ya shaba anaitambua njia hiyo. Kitu kinatoka hapa kikiwa kibichi na kwa bei ndogo. Kinakwenda mbali, kinasafishwa, kinapewa bei. Kisha kinarudi, na mutoto wa hapa anakiangalia dirishani bila uwezo wa kukinunua.

Lubumbashi haina haki ya kuicheka Kitwe. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimurekodi kijana mumoja wa Jadotville, muji ambao leo ni Likasi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, mutu wa Bunkeya, na namna yake ya kupiga gitare kwa vidole inafundishwa mpaka leo na walimu wa gitare katika inchi za mbali. Rekodi hizo zinalindwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey. Mwenda mwenyewe alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari kule Zambia. Mutoto wa Likasi anayetaka kusikia muzee wa muji wake alipiga nini, anapaswa kutafuta kwa watu wa inje, kama ana megabaiti za kutosha kwenye simu yake.

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Orkestra za Katanga hazikuishia kwa Mwenda. Kamalondo, Kenya, Katuba na kambi za Gécamines zilikuwa na vijana wao, gitare zao na usiku wao. Baadhi walirekodi, wengi hawakurekodi. Sahani zingine ziko bado chini ya vitanda, ndani ya kartoni, zikingojea panya au mvua. Majina ya waliopiga bas na batri yako katika vichwa vya watu wenye miaka 70 na 80, na kila mwaka watu hao wanapungua.

WITCH waliokoka kwa sababu mbili ambazo hazikutegemea serikali wala mufadhili. Ya kwanza, walirekodi kwa feza yao kabla mambo hayajakamilika. Ya pili, waliandika majina yao, na sahani 300 zilitosha ili moja ianguke mukononi mwa mutu aliyejali. Sehemu iliyobaki ilikuwa bahati, na bahati haifai kupangiwa maisha.

Kazi inayobaki huku si kubwa kuliko ile ya vijana wa Kitwe. Siku hizi simu ya kawaida inarekodi sauti. Mujukuu anaweza kukaa na babu yake saa moja ya muchana, amuulize orkestra yake iliitwaje, nani alikuwa kwenye solo, nani kwenye akompa, walipiga wapi, na sahani iko kwa nani. Ayaandike majina hayo kwenye daftari, na apige picha ya karatasi iliyo katikati ya sahani. Jagari alipata nafasi ya kusimulia mwenyewe habari ya wenzake wanne. Wazee wa Kamalondo bado wanaweza kusimulia, kama kuna mutu atakayekwenda kuwauliza mwaka huu.