Leo Umeona Jema Gani?

Ndugu wasomaji, nathubutu kuwaeleza jambo lililotukia nyumbani kwangu, maana nadhani wako wengi waliofanya kosa kama langu.

Mimi ni karani wa serikali mjini Machakos. Mwaka 2019 baba yangu mzee alipofuka kabisa. Maradhi yake yalikuwa presha ya macho, ambayo mara nyingi huja polepole bila maumivu yoyote, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi tena. Dawa ingaliweza kuyazuia yasiendelee, lakini tulikawia. Basi mzee yule aliyechimba matuta ya shamba lake kwa mikono yake mwenyewe akawa mtu wa kuketi chini ya mwembe tangu asubuhi hata jioni.

Kila niliporudi kazini aliniuliza, "Habari za huko, mwanangu?" Nami nilimweleza kwa urefu: bei ya sukari imepanda, faili limepotea, mkubwa wangu amenikemea mbele ya watu, basi limechelewa. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini jioni moja aliinua mkono akaninyamazisha. Akasema, "Mwanangu, giza ninalo langu la kunitosha. Wewe una macho mawili mazima. Je, kutwa nzima hayakuona jema hata moja?"

Nikatafuta la kumjibu, nisilipate. Usiku ule niliona haya sana kwamba mimi niliyesomeshwa naye kwa jasho lake nilikuwa nikimnyima kitu kisicho na bei.

Kesho yake nilikwenda kazini nikiangalia. Akaja mama mmoja mzee kwenye dirisha letu. Nilipomsogezea wino atie dole gumba, aliusukuma kando akaomba kalamu. Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Alipomaliza, aliitazama ile karatasi kama mtu amtazamavyo mtoto mchanga. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, wala hapana aliyenung'unika. Jioni nilimsimulia baba. Alicheka hata akajishika mbavu, kisha akaniuliza, "Jina lake lina herufi ngapi?" Sikuwa nimezihesabu!

Tangu siku ile nilijifunza kuangalia kwa makini, maana asiyeona huuliza zaidi. Nilimletea habari za kondakta aliyemkimbilia mtoto wa shule ili amrudishie chenji yake. Za matone ya kwanza ya mvua ya vuli yaliyotoboa vumbi la njiani. Na za mbaazi za jirani zilizotoa maua ya manjano, na nyuki wamejaa.

Siku moja sikuwa na kitu. Tulikuwa tumemzika karani mwenzetu, kijana aliyeacha watoto wadogo. Njiani niliwaza kutunga kisa cha kumfurahisha mzee, lakini moyo ukanisuta. Nikamwambia, "Baba, leo sina." Alikaa kimya kitambo, akautafuta mkono wangu akaushika. Akasema, "Basi leo pokea langu. Mjukuu wangu ameniletea maji ya kunywa kabla sijaomba." Kumbe yeye naye alikuwa akiweka akiba yake!

Sisemi kwamba tuyafumbie macho maovu. Bei zikipanda hapana budi tuseme, na mkubwa akidhulumu ashitakiwe kwa njia ya haki. Lakini mabaya hujitangaza yenyewe, na mema madogo hayana mpiga mbiu ila mimi na wewe. Tena ukimsimulia mwenzio jema uliloliona, mnakuwa nalo ninyi wawili, wala fungu lako halipungui.

Baba alifariki mwaka 2023. Swali lake sasa huulizwa na watoto wangu tunapoketi kula chakula cha jioni, na kila mmoja hana budi kujibu kwa kweli. Haba na haba hujaza kibaba, nami nimekiona kibaba hicho kikijaa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jioni ya leo kabla hujavua viatu, mpe mtu wa nyumbani mwako jema moja uliloliona. Na kama unaye mzee ambaye macho yake yameanza kupungua, mpeleke kwa daktari wiki hii. Usikawie kama nilivyokawia mimi.